Mama Micheline, Aliyetuogopea Ukuta

Tarehe 30 Aprili, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Mama Micheline Ndaya wa ofisi ya kuangalia kuta anarudisha kofia yake ngumu, radio yake ya mkononi na ufunguo wa ile ofisi ya mabati iliyo juu ya shimo la mgodi. Wakubwa wameniomba nimwandikie ukurasa katika gazeti letu la wafanyakazi, na wakasisitiza uwe wa furaha. Nitajitahidi. Lakini mimi ni mtoboaji miamba, nimekula jasho langu chini ya kuta hizo hizo, na sijui namna ya kumwandika Mama Micheline bila kuandika hofu. Kuogopa ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na tangu siku ya kwanza hakuwahi kuifanya kivivu.

Alizaliwa Kasaji, binti wa mfanyakazi wa reli. Alisomea umeme wa redio kule Likasi, kisha akafungua kibanda sokoni Manika, ambako alitengeneza redio na televisheni za nusu ya mji. Wateja wake wa zamani bado wanacheka wakimkumbuka. Ukimpelekea redio, ilirudi ikiimba vizuri, lakini ilirudi na mahubiri: usiiweke karibu na dirisha, usiiache kwenye kuran, yaani umeme, radi zikianza, usimruhusu mtoto ashike antena. Kampuni ilimchukua kutoka pale ili atengeneze radio za madereva wa malori. Baadaye, vioo vidogo vilipofungwa kwenye kuta za shimo, wakatafuta mtu wa kuviangalia, na mwenzetu mmoja akasema kwa mzaha kwamba kazi ya kuwaza mabaya mchana kutwa ina mwenyewe. Mzaha ule ndio uliompa Mama Micheline ofisi.

Kwa jamaa zetu watakaosoma gazeti hili nyumbani, nieleze kidogo. Ukuta wa shimo hauanguki ghafla kama watu wanavyodhani. Kwanza husogea, kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Chombo kilicho ng'ambo ya pili kinaviangalia vile vioo na kutuma namba kwenye kompyuta ya Mama Micheline, na kompyuta inazigeuza kuwa mstari. Mstari ukilala, tunachimba. Mstari ukiinuka, tunatoka. Maisha ya watu wote wa zamu yanapita kwenye kile kioo kimoja cha mezani, na kwa miaka mingi mimi mwenyewe sikuwahi kukiwaza hata mara moja.

Jina lake la utani sote tunalijua. Mwaka mmoja wa mvua, mstari wa kioo kimoja uliruka juu ghafla, naye akatoa zamu nzima shimoni. Tulisimama juu, tumelowa, tukitazama ukuta uliokuwa umetulia tuli. Walipopanda kukagua, walikuta mbayuwayu amejenga kiota cha udongo juu ya kioo, na mayai yake mle ndani. Tangu siku ile akawa Mama Batoke, yaani Mama Watoke. Injinia wetu, Tata Donatien, mtu wa haki lakini mwenye kubanwa na tani za kila siku, alimwambia mbele yetu kwamba kengele nyingine ya bure itampeleka magazini, kule stoo, akagawe glavu. Mama Micheline alisema amesikia. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Sisi siku ile tulichukua kicheko, hatukuuliza kuhusu kilio.

Sasa niingie kwenye lile jambo ambalo yeye mwenyewe aliniagiza nisiliruke. Ilikuwa Februari ya mwaka jana. Diski ya kompyuta yake ilikuwa imezeeka, ikifanya kazi ilikoroma na kugugumia hadi ukaisikia mlangoni, na programu ya kuta ilichukua muda mrefu kufunguka. Kampuni ikaagiza diski mpya ya SSD kutoka Lubumbashi, kitu chembamba kisicho na gurudumu ndani wala sauti yoyote. Capita wetu, yaani msimamizi wa zamu, Mechack, ambaye ni shemasi wa kanisa na hawezi kuona chombo kipya bila kukiombea, aliiombea diski ile kwa urefu. Alimkumbusha Bwana ubovu wa barabara ambayo imepitia. Tukasema amina, Mama Micheline akashika bisibisi.

Kuifunga hakukuwa rahisi. Mara ya kwanza kompyuta haikuiona kabisa diski mpya, kana kwamba hakuna kitu kilichowekwa. Akabadilisha waya, akauhamishia kwenye tundu jingine, na ikaonekana. Akanakili kila kitu kutoka diski ya zamani hadi mpya, akaiamuru mashine iwake kutoka ile mpya, na programu ikafunguka kabla hujamaliza kusalimia. Falonne, msaidizi wake, alipiga makofi. Watu walipita ofisini kutazama tu namna inavyowaka.

Katika kazi ile alifanya makosa mawili, na yote mawili yana asili yake. La kwanza, aliiacha diski ya zamani mle mle ndani ya mashine, imeunganishwa na waya zake. Huku kwetu kitu ambacho bado kinapumua hakitupwi. Gari bovu linabaki uani, friji iliyokufa inakuwa kabati. Yeye aliogopa namba za miaka zisije zikapotea, akaona bora mzee abaki pembeni amlinde kijana. La pili, alipoiwasha mashine baada ya kuichomoa, saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Alirekebisha saa, akaendelea. Mle ndani kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoifanya mashine ikumbuke saa na ikumbuke iwake kutoka diski ipi. Betri ile ilikuwa imekufa. Hakuna aliyejua, kwa sababu chini ya meza kulikuwa na onduleur, kile kisanduku kinachoshikilia kompyuta kuran inapopotea, na kwa miaka kadhaa mashine haikuwahi kuzimika yenyewe. Hofu ya Mama Micheline ilisinzia mara moja tu katika kazi yake yote, nayo ilisinzia pale.

Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri. Sisi tulikuwa chini ya ukuta wa magharibi, tukitoboa mashimo ya baruti. Baada ya chakula kuran ikakatika, kama ilivyo desturi yake, na onduleur nayo ikatoa mlio mmoja ikafa. Jenereta liliposhika, Falonne alibonyeza kitufe, kompyuta ikawaka, programu ikafunguka na mstari ukatokea, umelala vizuri kama mkeka. Akatutangazia kwa radio kwamba ukuta umetulia, akamshukuru Mungu. Mimi niliusikia ule ujumbe nikiwa kwenye mashine yangu ya kutoboa, nikateremsha chuma kingine ndani ya mwamba.

Mama Micheline aliingia akitokea kukagua waya za nje, maji yakimtiririka. Falonne anasema hakuangalia hata kioo cha kompyuta, ile écran. Alisimama mlangoni na kuinamisha kichwa.

“Unasikia ile makelele?”

“Makelele gani, Mama? Ukuta iko muzuri.”

“Ile disk mupya haina makelele.”

Falonne anasema hapo ndipo alipouona uso wa mama yule ukibadilika rangi. Sauti iliyokuwa ikitoka kwenye sanduku ni mkoromo wa diski ya zamani. Mashine ilikuwa imesahau amri yake na kuwaka kutoka kwa mzee. Na kwa kuwa diski zote mbili zilikuwa nakala ya kitu kimoja, picha ilikuwa ile ile, programu ile ile, rangi zile zile. Tofauti moja tu: saa ilikuwa ya miaka ya nyuma, programu ikazikataa namba zilizokuwa zikiingia, na kwenye kioo ikabaki kuonyesha mstari wa mwisho uliohifadhiwa kwenye diski ile. Ulikuwa mstari wa siku ya kunakili, siku ya jua. Ukuta wa siku ile ya mvua hakuna mtu aliyekuwa akiutazama.

Hebu jiweke mahali pake. Hakujua kama ukuta unasogea. Mstari mzuri uko mbele yake, injinia ameshamwonya, magazini pana glavu zinazomngoja. Angeweza kutengeneza mashine kwanza, ahakikishe, kisha aseme. Mtu mwingine angefanya hivyo na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alishika radio.

“Batoke! Bote kule chini, batoke! Kazi isimame!”

Mvua ilikuwa bado inanyesha, na kwenye radio nilisikia watu wakicheka. Capita Mechack, shemasi mzima, alisema Mama Batoke ameona ndege ingine. Lakini amri ni amri, malori yakaanza kupanda. Tata Donatien akaingia hewani, sauti yake imebana.

“Mama, tena? Écran iko naonyesha nini?”

“Écran iko nadanganya, Tata. Mi sijue kama ukuta iko natembea ao iko nasimama. Njo maana naogopa.”

Nadhani katika kampuni yetu hajawahi kutokea mtu aliyesema hewani, watu wote wakisikia, kwamba hajui na anaogopa. Mimi bado nilikuwa chini. Mtoboaji haachi vyuma vyake ndani ya shimo. Ni aibu inayokufuata hadi baa, kwa sababu mwamba ukivibana, kesho yake hutavitoa tena. Nilikuwa nikivivuta kimoja kimoja, nikisema moyoni kwamba ndege wa Mama Micheline wanaweza kuningoja. Mara nikaitwa kwa jina langu, jambo lililokatazwa kwenye radio.

“Hénock, uko na bibi, uko na batoto! Acha ile chuma, utoke!”

Sitasahau namna alivyoita. Haikuwa sauti ya kazi. Ilikuwa sauti ya mama anayemwona mtoto karibu na kisima. Nikaviachia vile vyuma na kukimbia, buti zikiteleza kwenye tope, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliinua macho nikautazama ukuta. Ulikuwa pale tu, mrefu, mwekundu, ukichuruzika maji. Sikuweza kusoma chochote juu yake, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Juu tulisimama kwenye mvua tukinung'unika. Tata Donatien alikuja ofisini mwenyewe. Hakupiga kelele, alisema mvua ikipungua watu watashuka, kwani hawezi kusimamisha shimo kwa ajili ya mlio wa diski. Alisema hivyo kwa upole, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana mvua ilikuwa tayari inapungua. Mawingu yalianza kupasuka upande wa Manika. Mechack akaanza kuhesabu watu wake.

Ofisini, Mama Micheline alikuwa amezima mashine na kuingia kwenye ule ukurasa wa ndani unaoonekana kabla programu yoyote haijawaka. Alikuta saa ya miaka ya nyuma, na diski ya zamani imesimama mbele ya foleni. Falonne anasema alijipiga paji la uso kwa kiganja, akasema neno la Kiluba ambalo sitaliandika katika gazeti la kampuni. Akarekebisha saa, akaiweka diski mpya mbele. Halafu hakuamini, akafungua ubavu wa sanduku na kung'oa waya za diski ya zamani kwa mkono, ili mzee asipate tena nafasi ya kusema.

Akawasha. Kioo kikabaki cheusi, na maandishi meupe yakasema hakuna diski.

Falonne alianza kulia. Nje mvua ilikuwa imebaki manyunyu, na injini ya lori la kwanza ilikuwa imewashwa ili lishuke. Mama Micheline mikono ilimtetemeka mpaka bisibisi ikaanguka chini ya meza, naye akaiacha huko. Alifanya alilokuwa akilifanya na kila redio sokoni: alianza upya kutoka kwenye umeme. Waya wa kwanza, umeshika. Waya wa pili, aliposukuma, ukaingia na kulia tik. Alipong'oa waya za mzee kwa hasira alikuwa ameulegeza wa kijana pia.

Akawasha tena. Safari hii sanduku halikutoa sauti yoyote. Programu ikafunguka, namba zikaanza kuingia, pamoja na zile ambazo chombo cha ng'ambo kilikuwa kimezitunza, na mstari ukachorwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ulilala, ulilala, kisha pale penye saa ya kukatika kwa kuran ukaanza kupanda, na haukuacha kupanda. Tata Donatien alikuwa amesimama nyuma yake. Falonne anasema alimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji, kisha akanyang'anya radio na kupiga ukelele ambao sote tuliusikia bila radio. Lori lililokuwa likishuka likasimama, likarudi nyuma njia nzima.

Ukuta wa magharibi ulianguka kabla ya jua kuzama. Wengi wanauliza ulitoa sauti gani. Kwanza ulitoa vumbi, ingawa kila kitu kilikuwa kimelowa, na hilo hadi leo silielewi. Kisha ukakaa chini, taratibu, kama mzee anayekaa, na ngazi nzima ya shimo tuliyokuwa tukifanyia kazi haikuwepo tena. Mashine yangu ya kutoboa iko chini yake. Mechack alipiga magoti kwenye tope na kuomba, na kwa mara ya kwanza maombi yake yalikuwa mafupi. Mimi nilikwenda nyuma ya kontena nikatapika.

Katika mkutano uliofuata watu walitaka kumbeba Mama Micheline mabegani. Alikataa. Alisimama akasema mbele ya wakubwa: “Ile disk ya zamani ni mi njo niliiacha mule. Niliogopa kupoteza bitu, nikasahau kuogopa saa. Muandike vile.” Nimeandika, Mama. Tata Donatien naye alisimama akasema kwamba yeye ndiye aliyetaka kuturudisha chini. Hakuna aliyefukuzwa. Siku hizi diski mpya ikiingia, ya zamani inatoka siku hiyo hiyo. Betri ndogo inabadilishwa kila mwaka kabla ya mvua. Na hakuna capita anayeshusha watu bila kuuliza kwanza kwenye radio, “Saa ya ukuta ni ngapi?”, na kusomewa saa na tarehe iliyo kwenye kioo. Wageni wanacheka wakisikia swali hilo. Sisi hatucheki.

Ningependa kuandika kwamba baada ya siku ile alitulia, kwamba alipata heshima na usingizi. Heshima alipata. Usingizi, hapana. Kila kuran ilipokatika tulimwona akikimbia kutoka popote alipokuwa, kantini, chooni, hata kwenye harusi ya mtoto wa Mechack, akiwa na kitenge kipya na viatu mkononi. Mimi mwenyewe sijapona. Nikiwa chini naangalia juu kuliko ninavyoangalia kazi, na wenzangu wameanza kunitania. Nawaacha watanie.

Mama Micheline anarudi Kasaji kulima mihogo. Nilimwuliza kwa nini asibaki mjini karibu na wajukuu, akanijibu kwamba kule nchi ni tambarare. Kwa niaba ya zamu zote, kwa niaba ya wake zetu na watoto wetu ambao bado wana baba, tunasema asante, Mama. Asante kwa hofu yako yote. Mungu akupe afya, mihogo mingi, na mvua unayoweza kuifurahia kama mkulima mwingine yeyote. Maisha yako yawe mema na marefu.

Jumatatu Falonne atakaa kwenye kiti chako, na sisi tutashuka. Ni binti mwerevu, anaijua mashine, mikono yake haitetemeki. Jana nilipomwuliza kama yuko tayari, alitabasamu akasema yeye haogopi kitu. Kwa hiyo tunakuomba jambo moja tu la mwisho, Mama: kabla ya kupanda treni, pita ofisini umfundishe kuogopa.

Hénock Tshilombo, mtoboaji, zamu ya mchana